Mkono wa Kulia Chakula

Kijiko kiligonga sahani gizani, ti, kikanyamaza. Kikagonga tena, kisha kikaanguka sakafuni. Binti, aliyekuwa ameamka anapapasa kiberiti ili abandike maji ya chai, akabaki amesimama vilevile. Alijua ni baba yake. Anajaribu kula uji wa jana kabla hapajapambazuka, asije mtu akamwona.

Baba alikuwa fundi wa lipu. Ukuta aliopiga yeye, watu walisema, unaweza kusimama mbele yake ukachana nywele. Kisha kiharusi kikaja kikabeba upande mzima: mguu unaburuzika, mdomo umekwenda pembeni, na mkono ule uliokuwa ukirusha saruji umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Kilichobaki kizima ni upande wa kushoto na ubishi.

Na kwa mkono wa kushoto hali chakula. Ndiye aliyewachapa vidole watoto wote wa nyumba ile waliogusa sahani kwa mkono wa chooni. Leo aanze yeye? Kulishwa nako hataki. "Mimi si kinda la ndege," anasema, anafumba mdomo. Ameisha, shingo imebaki mishipa mitupu. Muuguzi aliyekuja jana hakuzungusha maneno: asipokula, Ijumaa analazwa, apitishiwe mpira puani. Baba akamjibu huo mpira akajipitishie mwenyewe.

Binti aliwasha taa, akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Kijiko."

Baba hakucheka. Uji ulikuwa umemtapakaa kifuani, na mkono wa kulia, aliojaribu kuuinua kwa kuusukuma na goti, ulikuwa umetumbukia sahanini. Binti akaufuta kidole kimoja kimoja, kama anavyomfuta mwanawe.

"Baba, nikwambie kitu? Juzi kule shule ya jioni mwalimu alituambia kwa nini mkono huu unaitwa wa kulia. Ni mkono wa kulia chakula, basi. Wengine waliuita wa kuume, eti ndio wenye nguvu kama mwanamume, na wa kushoto wakauita wa kuke. Kumbe kila mkono umepewa jina kwa kazi yake au kwa sifa zake! Sasa baba, huu mwingine ukiulia chakula, si ndio utakuwa wa kulia?"

Maneno hayo alikuwa ameyapanga njia nzima akirudi kutoka darasani. Aliyaona mazuri. Aliamini kabisa baba akiyasikia atafungua mdomo.

Baba alimtazama kwa jicho lile zima.

"Mwalimu wako mikono yake inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Yote?"

"Yote, baba."

"Ndiyo maana anapata nafasi ya kuichambulia majina." Akapumzika, maneno yakimponyoka pembeni mwa mdomo. "Haya, huu wangu ulikuwa wa kulia. Sasa hauli. Uuite nini?"

Darasani hawakufika huko. Binti aliukazia macho ule uji uliokwisha kuganda juu, akatamani mtu mwingine, yeyote yule, aingie amwambie la kufanya. Hakuingia mtu.

Akaenda jikoni, akaupasha uji moto. Aliporudi alichana ukanda kwenye kanga kuukuu, akakifunga kijiko kwenye kiganja cha baba, kile kilichokufa.

"Unafanya nini wewe?"

"Nafunga kijiko. Kula, baba."

Akakishika kiwiko kwa chini, mkono mwingine kifundoni, akainua. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Hakumtazama baba usoni. Aliutazama ukuta, kana kwamba mkono unapanda wenyewe na yeye amepita tu. Baba naye akautazama ukuta uleule. Kijiko kikafika mdomoni. Akameza.

Wakachota tena. Uji ukamwagika kidogo kidevuni, wakaendelea. Mabega yalianza kumwaka moto binti, lakini baba alikuwa ameshainama mwenyewe kukifuata kijiko, mdomo wazi.

Mlangoni alisimama mtoto wa binti, yule wanayemwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, shuka likiburuzika nyuma yake. Aliwatazama kwa makini, akitabasamu kama aliyegundua jambo.

"Mama ndiye anayemlisha babu," akasema.