Mama Kabira Hajameza

Katika nyumba ile ya Al-Hamra, Jeddah, mfanyakazi akiitwa hajibu kutoka alipo. Kujibu kwa sauti ni utovu wa adabu. Unaacha ulichoshika, unapanda ngazi, unasimama mbele ya madam, ndipo useme naam. Na madam mwenyewe siku hizi haiti kwa mdomo, jamani. Anapiga WhatsApp kutoka chumbani kwake hadi jikoni, nyumba moja, paa moja. Rozi, chaja yangu iko wapi. Rozi, zima AC. Rozi, njoo uone huyu paka ukutani anataka nini. Rosebellah, mama wa watu kutoka Malava, alikuwa amezipanda zile ngazi mpaka magoti yakaanza kumnung'unikia.

Kazi yake hasa, ile iliyomtoa kwao, ilikuwa moja tu: kumtunza mama mzazi wa madam, ambaye wafanyakazi humwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia, na koo nalo likawa vivu. Chakula chake kilisagwa kikawa uji mzito. Alilishwa ameketi wima, kidevu chini, nusu kijiko, halafu unangoja. Unaangalia koo lipande, lishuke. Ukimwacha na chakula mdomoni, akiteleza kidogo tu kwenye kiti, kinaingia njia ya pumzi.

Jumanne ndivyo ilivyokuwa. Simu ililia, Rosebellah akaacha kijiko, akakimbia juu. Madam alitaka kujua kama ile abaya nyeusi imepigwa pasi, na abaya za madam zote ni nyeusi. Aliporudi, Mama Kabira alikuwa ameteleza, midomo imebadilika rangi, macho yanamtafuta. Akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja mpaka chakula kikatoka. Kisha akakaa sakafuni akalia, kwanza kwa hofu, halafu kwa hasira. Na jioni lawama zote zilimwangukia yeye. Baba, mume wa madam, alisema ni uzembe, na ikitokea tena atarudishwa Riyadh, kwenye ofisi iliyomleta, wamtafutie kafili, yaani mwajiri wa kumdhamini, mwingine au wampandishe ndege. Aliyepiga simu hakutajwa. Atatajwaje, na nyumba ni yake?

Kesho yake, akianika nguo juu ya paa, alimpigia kaka yake Josphat, ambaye ni soja wa geti katika jengo moja la ofisi huko Al-Murabba, Riyadh. Akamweleza yote.

"Dada, ukiitwa, itika," Josphat akamwambia. "Ugenini hakuna ubishi. Mwenye nguvu mpishe."

"Wewe Josphat, kazi yako ni nini?"

"Si unajua. Kuchunga geti."

"Bosi akikuita umpelekee chai, unaacha geti wazi?"

"Siwezi. Mtu akipenya, nitakayeulizwa ni mimi."

"Basi Mama Kabira ndiye geti langu."

Josphat alicheka. Akamkumbusha kwamba ikama yake, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, bado ni mpya, asije akajuta. Rosebellah akamwambia ameshajuta vya kutosha, siku ya Jumanne, akiwa sakafuni.

Alhamisi wakaja wageni, mawifi wawili wa madam kutoka Riyadh, watu wa kupitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi. Rosebellah aliwawekea kila kitu sebuleni mapema. Kahawa kwenye thamosi, tende kwenye sahani, vikombe kwenye sinia, vyote mbele ya magoti yao. Kilichobaki kilikuwa kumimina tu, na mikono ya kumimina ilikuwepo pale, yenye hina na bangili. Akamwinamia madam, akasema kwa adabu zote, "Madam, sasa namlisha mama. Nikimaliza, nakuja."

Madam akapunga mkono tu. Rosebellah akapita jikoni, akachukua simu yake, akaitumbukiza ndani ya debe la mchele, akafunika.

Chumba cha Mama Kabira kilipakana na jiko. Kijiko cha kwanza kilipita vizuri. Cha pili kilikuwa bado mdomoni debe lilipoanza kunguruma. Likanyamaza, likaanza tena. Miguu ya Rosebellah ilitaka kuinuka yenyewe, ilishazoea vibaya. Akaikaza sakafuni. Mshika mbili moja humponyoka, ndivyo tulivyoambiwa tangu utoto, na hapa hilo la kuponyoka lilikuwa na roho.

"Meza, mama," akasema. "Pole pole. Siendi popote."

Mama Kabira akamtazama kwa muda mrefu. Yeye naye aliikumbuka Jumanne.

Mlango ukafunguliwa, madam akasimama pale na simu mkononi.

"Rozi. Naita, huji?"

"Mama hajameza, madam."

"Wageni wanangoja kahawa. Yalla."

 Rosebellah alimwogopa huyu mwanamke, tusidanganyane. Lakini hakuinuka, wala hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye lile koo.

"Kahawa iko mezani. Mama hajameza."

"Unanijibu?" Sauti ya madam ilishuka ili isifike sebuleni. "Kesho unarudi ofisini, Riyadh. Halas."

"Sawa, madam. Kesho Riyadh. Leo namlisha mama."

Basi watatu wote wakangoja koo moja. Likapanda. Likashuka. Mama Kabira akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akamwelekezea binti yake. Tangu augue, maneno yalimtoka moja moja, na mengi hakujisumbua nayo.

"Jumanne," akasema. Akavuta pumzi. "Ile simu." Akavuta nyingine. "Wewe."

 Madam akamtazama mama yake, akatazama bakuli lililokuwa halijafika nusu, akaitazama simu mkononi mwake. Kisha akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Kutoka sebuleni kukasikika thamosi ikifunguliwa na kahawa ikimiminwa. Wifi mmoja akauliza, kwa sauti ya kutaka isikike, kwani yule mfanyakazi yuko wapi siku ya wageni.

"Ana kazi," madam akajibu.

Habari za kesho zingejulikana kesho. Rosebellah alipangusa kidevu cha Mama Kabira, akachota nusu kijiko, akangoja.