Tokeni, Mwingie Upya

Mwalimu Faustini wa Ntobeye alikuwa ameandika vitabu vitatu vinene juu ya nchi ambayo haipo, na wapo watu Ngara walioijua nchi hiyo kuliko walivyoijua Dodoma. Iliitwa Rwera. Mito yake ilikuwa na tabia zake: mfalme akidanganya, mto unanyanyuka kitandani mwake na kwenda kulala kwingine, watu wanaamka asubuhi hawana hata maji ya kunawa uso huku jirani zao wanaokota samaki uani. Malkia Nyabwera, mwenye mguu mmoja mfupi na mdomo usio na breki, ndiye aliyeituliza mito hiyo mwishoni mwa kitabu cha tatu. Wasomaji walilia, wakapiga simu, wakadai kingine.

Kingine cha nini, na malkia ameshakalia kiti na mito imelala? Ndipo Luqmani alipotoa wazo lake. Luqmani alikuwa na duka la vifaa vya shule Biharamulo mjini, na nyuma ya duka mashine ya kuchapia, na ndiye aliyevichapa vitabu vyote vya Faustini. Alisema turudi nyuma. Nyabwera alizaliwa wapi, nani alimvunja mguu, alijifunza kwa nani kusema na mito? Kuna vitabu vitatu vizima vya mambo ya kabla. Faustini alikubali papo hapo, kwa furaha ya mtu aliyeitwa mezani.

Furaha hiyo iliishia sura ya kwanza. Mwaka mzima alikaa na daftari kwenye kibaraza chake, mbele yake mibuni, nyuma yake mke wake Speciosa akimuuliza kama leo Nyabwera amezaliwa au bado. Sura sita aliziandika na zote zilikuwa zimekufa, na hakuhitaji kuambiwa. Kila alipomtia msichana wake hatarini, alijiuliza nani atakayeogopa. Mtoto atakufaje, naye kwenye kitabu cha kwanza ni bibi kizee anayefokea mawaziri? Basi akawa anaharakisha. Mguu wa Nyabwera ulivunjika na kupona ndani ya ukurasa mmoja. Mama yake alifariki katikati ya sentensi, baada ya mkato.

Luqmani alizisoma hizo sura. Ni mtu wa ukoo uliotoka pwani, na watu hao wakitaka kukuambia jambo baya hukutangulizia kahawa na haluwa, kwa hiyo Faustini alipoona sahani inakuja alijua. Luqmani akasema kwa upole kwamba hii si hadithi, ni taarifa ya kikao. Wakapatana Faustini arudi Jumatatu na jibu moja: ama ana njia ya kuendelea, ama wawatangazie wasomaji kwamba vitabu vya kabla havitakuwepo.

Faustini aliogopa, tusifiche. Alishastaafu ualimu, kahawa yake ilivunwa na vijana wenye migongo mizima, na kitu pekee kilichomtoa kitandani kwa hamu ni Rwera. Akiifunga nchi hiyo, hakujua asubuhi ataamkia nini.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi ukoo wa Ntobeye ulikuwa unakwenda Nyamigogo kumposea Abeli. Abeli ni mtoto wa marehemu Desderius, kaka yake Faustini, na tangu msiba ule Faustini ndiye baba. Binti aliitwa Iteka, mjukuu wa mzee Telesfori. Mambo yote yalikuwa yamekwisha: ng'ombe wa mahari walishafika na kupokelewa, padri alishapanga siku ya ndoa, sare za wasimamizi zilishashonwa. Ilibaki hafla tu ya kuomba, na msemaji wao wa siku zote, mzee William, alikuwa amevimba shavu kwa jino hata hawezi kufumbua mdomo. Shangazi Tecla, dada yake Faustini, akasema wana shida gani wakati wana mwandishi wa vitabu ndani ya nyumba.

Walifika Nyamigogo kwa Noah ya kukodi, wamechafuka vumbi mpaka kwenye kope. Uani kwa Telesfori palifungwa maturubai mawili yakitazamana, na katikati ukawekwa mtungi wa pombe ya ndizi wenye mirija mirefu. Wenyeji upande huu, wageni upande ule. Desturi ya huko inajulikana: wageni hujifanya wapita njia, wenyeji hujifanya hawajawahi kuwaona, na wasemaji wa pande mbili huanza kuvutana, mmoja akisifia mvua, mwingine akiapa kwamba nyumba hii haina binti, mpaka jua linainama na binti anatokea.

Sasa Faustini, akili yake ikiwa bado kwenye zile sura zilizokufa, alilitazama jambo hili akaona ni upuuzi ule ule unaomtesa. Mwisho unajulikana. Iteka anachungulia dirishani, kila mtu anamwona. Ya nini kuzunguka? Akasimama, akaamkia, akasema:

"Wazee, tusipotezeane muda. Ng'ombe mnao, tarehe tunayo. Tumekuja kumchukua Iteka."

Mzee Telesfori, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa kwao, akainama mtungini, akachomoa mirija mmoja mmoja na kuilaza kwenye nyasi. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililotisha.

"Mwalimu," akasema, "kama jibu mlikuja nalo, basi hamkuja kuomba. Mmekuja kupakia mzigo. Binti yetu hatumpi mtu ambaye hajamwomba. Ng'ombe wenu mtaondoka nao."

Hapo pakawa hapana mchezo tena. Kina mama wa upande wa pili walianza kunyanyuka. Dirishani Iteka hakuwepo. Abeli alimgeukia Faustini kwa macho ya mtu anayeona nyumba yake inaungua, na Faustini akahisi aibu inampanda kutoka miguuni. Kwa kijana huyu wa marehemu kaka yake, aliyemlea na kumsomesha, alikuwa ameharibu siku moja tu ambayo haikutakiwa iharibike.

Shangazi Tecla hakungoja mtu. Alivuka uwanja, akapiga magoti mbele ya Telesfori, akasema wageni wake wamechoka na safari na mmoja wao ana homa ya vitabu, na akaomba warudie. Mzee akanyoosha mkono kuelekea njiani.

"Tokeni, mwingie upya," akasema. "Na safari hii mje kama watu ambao hawajui."

Wakatoka wote, na kreti zao za soda, na mabibi waliovaa viatu vinavyobana, mpaka barabarani penye Noah. Dereva akadhani wanaondoka, akawasha gari. Ilibidi azuiwe. Wakasimama pale vumbini kidogo, wakapanga mstari, wakarudi.

"Shikamoo mzee," akasema Faustini, kwa mara ya pili siku hiyo.

"Marahaba. Karibuni. Ninyi ni kina nani, maana hatuwajui?"

Naye mzee alikula nao wali na kuku mwezi uliopita tu, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Faustini alivuta pumzi. Hakuwa ameandaa neno lolote la pili, kwa hiyo akaanza na la mbali kabisa alilokuwa nalo. Akasema sisi ni watu wa Ntobeye, na zamani kaka yangu Desderius, akiwa kijana kuliko huyu Abeli, alitumwa na baba yetu kuja pande hizi kuchukua mtamba aliyeahidiwa na rafiki. Akampata, akamfunga kamba, akaanza safari ya kurudi. Hakufika mbali. Mtamba alishtuka, akakata kamba, akakimbilia bondeni na kuzama kwenye kinamasi mpaka kifuani.

Akaeleza jinsi Desderius alivyoingia na yeye, mpaka kiunoni, akilia kwa kuwa angerudi vipi kwa baba bila mnyama. Akaeleza tope linavyovuta. Mtamba alikuwa ameacha kuhangaika, amelaza kidevu juu ya matope, na pua yake inapiga mapovu.

Faustini alitaka kuruka hapo afike kwenye kuokolewa, kama alivyozoea. Lakini alipoinua macho aliona bibi mmoja wa upande wa pili amesogeza kigoda chake mbele, na mwingine ameshika mkono wa jirani. Hawa wote walijua. Ng'ombe wa mahari waliokuwa wakilia nyuma ya nyumba walikuwa uzao wa mtamba huyo huyo, na kijana aliyemtoa alikuwa Telesfori mwenyewe, hadithi hiyo ameisimulia kwenye kila sherehe. Na Telesfori ndiye aliyekuwa ameinamia mbele kuliko wote.

"Ego," akasema mzee kwa Kihangaza, ndiyo, endelea. "Ikawaje?"

Basi Faustini hakuruka. Alimwacha mtamba kwenye tope kadiri alivyothubutu. Alimwacha kaka yake akiita kwenye bonde lisilo na mtu, na alipokuwa akimsimulia, Desderius aliyezikwa miaka mingi iliyopita alikuwa kijana tena, amelowa, anatetemeka, na Faustini mwenyewe akamwombea atoke salama. Ndipo akamleta kijana mmoja wa Nyamigogo na magogo ya migomba begani, akayalaza juu ya tope, akampa Desderius mkono.

"Na huyo kijana," akasema, "baada ya kumtoa mnyama, alitupa viazi na maziwa, akatuambia tukipita tena tupige hodi. Sisi ni watu wa kusahau, tumechelewa. Lakini tumepita, na tunapiga hodi."

Telesfori alijifuta macho bila kujificha. Akasema kwa desturi kwamba nyumba hii haina binti, halafu akaapa, halafu akabanwa, na wakavutana kwa raha mpaka jua likainama. Mirija ikarudi mtungini. Iteka alipotoka na shangazi zake, Abeli alisimama haraka mpaka akaangusha kiti.

Jumapili, baada ya misa, Faustini alizitoa zile sura sita, akamkabidhi Speciosa awashie jiko. Akakaa kibarazani na daftari mpaka jioni. Speciosa alimletea chai mara mbili, na mara ya pili aliikuta ya kwanza imepoa, akaenda zake akitabasamu.

Jumatatu alisimama dukani kwa Luqmani na kurasa chache tu. Mkewe Luqmani, Mwanaisha, au Mama Raya kwa wateja, alikuwa upande wa pili wa kaunta akipima kitambaa cha sare. Luqmani akaagiza kahawa. Faustini akasema aache kwanza, akaanza kusoma. Nyabwera ana miaka tisa, yuko katikati ya mto na mtungi kichwani, na kule ikulu mfalme amefumbua mdomo kudanganya. Mto unasikia. Unaanza kunyanyuka, polepole, na msichana akiwa ndani yake.

Faustini alisoma bila haraka yoyote. Ukurasa wa mwisho ulipokwisha, mkasi wa Mwanaisha ulikuwa umesimama katikati ya kitambaa.

"Mwalimu," akasema, "huyo mtoto atatoka?"

Luqmani akacheka. Akamkumbusha mkewe kwamba yeye ndiye aliyesahihisha vitabu vyote vitatu, na mtoto huyo ndiye malkia, atazeeka mpaka ang'oke meno.

"Najua," akasema Mwanaisha. "Hata kiti atakachokalia nakijua. Nauliza, atatoka?"

Luqmani akaacha kucheka. Akavuta kiti, akakaa, akamwambia mteja aliyekuwa akingoja kalamu angoje kidogo.

"Sijui bado, Mama Raya," akasema Faustini, na alikuwa hajui kweli.