Chupa Arobaini za Haraka

Kila chupa ya damu iliyoingia maabara ilibandikwa karatasi nyekundu: URGENT. Siafu, mfagiaji aliyepewa jina hilo na wenzake kwa kutokaa kitako, alilijua neno hilo tangu masomo ya jioni ya Kiingereza. Mwalimu alisema ni jambo lisiloweza kungoja. Lakini hapa karani wa mapokezi alilibandika kila mahali ili asilaumiwe, na chupa zikangoja zamu kama kawaida. Siafu alizoea kulicheka.

Leo hakucheka. Trei ilikuwa na chupa arobaini, na ya thelathini na nane ilikuwa ya mwanawe.

Mtoto alikuwa nje kwenye benchi, mapajani mwa bibi yake, mwili moto kama pasi. Daktari alikuwa akisubiri majibu ya damu ndipo achague dawa.

"Kaka yangu, nakuomba," Siafu alimwambia karani. "Ya mwanangu itangulie."

"Si nimeshaibandika urgent?"

"Zote umezibandika!"

"Basi zote ni urgent, dada. Nikikupitisha wewe, hawa wengine niwaambie nini?"

Siafu akarudi kwenye trei. Mkono ulimwasha kuisogeza chupa mbele. Akaitazama ya kwanza. Huenda nayo ilikuwa na mama yake mahali fulani. Mkono ukanywea.

Akachana kipande cha karatasi, akaandika kwa hati yake ya darasani: *Miezi saba. Hanyonyi tangu alfajiri.* Kalamu ikasita. Kisha akaandika lile alilokuwa hajathubutu kumwambia hata bibi: *Sasa hata kulia halii.*

Akakifunga kwenye chupa kwa mpira, akairudisha palepale, ya thelathini na nane.

Mtaalamu wa maabara akaja, akapitisha macho juu ya wekundu ule kama mtu anayehesabu matofali. Akasimama. Akasoma.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi. Mama yake."

"Halii tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tatu."

Mtaalamu aliinyakua chupa na kumgeukia karani. "Mwite daktari amwone mtoto sasa hivi. Kimbia!"

Karani, ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza, akatoka mbio.

Siafu akajishikilia ukutani. Asubuhi nzima alikuwa akiomba waharakishe. Sasa viatu vya karani vilipokuwa vikipiga sakafu ukumbini, angetoa chochote kile awaone wakitembea taratibu.