Kahawa ya Daktari wa Manila

Suud bin Aflah hakuwa akimwamini mtu, na si bure. Ile Januari ya sitini na nne, kule Unguja, aliyewaonyesha wenye mapanga mlango wao alikuwa jirani waliyekuwa wakipelekeana futari. Baba yake hakutoka hai. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Suud alikuwa akishtuka hata kwa salamu ya asubuhi.

Sasa ilikuwa mwaka wa sitini na nane. Yeye, dada yake Hamdiya na mama yao Bi Kheiria wamepanga nyumba ya udongo Darsait. Kuruhusiwa kuingia Maskati kuliwatoa jasho, na Suud aliamini kwamba neno moja baya lingetosha kuwatoa tena. Basi alikuwa akisikiliza zaidi kuliko kusema, na kila alichokisikia akikipa maana mbaya kuliko zote.

Jicho la kulia la Bi Kheiria lilikuwa limekwisha zamani. Hili la kushoto limeingia mtoto wa jicho, na kila mwezi lilizidi kufunga. Mwanamke aliyekuwa akishona kofia za vitobo bila ya kuinua kichwa, sasa anapapasa sindano kwenye mkeka. Hamdiya alishindwa kuvumilia, akampeleka Matrah kwa Daktari Anselmo, mtu wa Manila, aliyetibu macho katika chumba kimoja nyuma ya soko.

Anselmo hakuficha habari zake. Huku akitia matone alikuwa akieleza, kwa Kiarabu kizuri, kwamba kwao aliwapinga Wamarekani na kambi zao za kijeshi, na wakubwa waliowakumbatia. Alitaka nchi iwe ya wenyewe. Akasakwa, akakimbia, na toka hapo hajaliona kaburi la mama yake. Alikuwa na ada moja: akipokea mtu mzima huinama, akautwaa mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake yeye. Ndiyo heshima ya kwao. Bi Kheiria ilimwingia moyoni, akasema mtu huyu kalelewa.

Suud ilimwingia kwengine. Kwanza Kiarabu chenyewe: iweje mtu wa Manila aseme Kiarabu kuwashinda wao, wana wa Waarabu, ambao sokoni walichekwa wakiomba chumvi? Pili, alikuwa mtu wa siasa. Suud aliwajua watu wa siasa; wanaanza na nchi ya wenyewe, wanaishia mlangoni kwako. Daktari aliposema jicho lipasuliwe upesi, kabla halijaharibika kabisa, Suud alikataa, akamkataza asilitaje tena neno kisu mbele ya mama.

Hakutosheka. Akawa anapita nyuma ya soko alasiri, akiona wanaume wamekusanyika pale mlangoni wakinong'ona. Walikuwa wagonjwa wanaosubiri matone, lakini mwenye shaka haoni wagonjwa. Alijiambia kwamba siku wakikamatwa hao, ataulizwa kila aliyeingia mle, na mama yake ameingia. Afadhali atangulie. Akaenda kwa mtu aliyemjua afisini kwa liwali, akamtilia neno dogo tu: yule daktari ana siasa, na anakusanya watu. Nyumbani hakumwambia mtu.

Baada ya siku chache daktari akaja Darsait mwenyewe, kwa miguu, juani. Suud alitaka kumfungia mlango, lakini mgeni ni mgeni. Hamdiya akaleta halua na kahawa. Daktari alikipokea kikombe, akakiweka chini kimejaa. Akazungumza habari za joto. Akanyamaza, kama anayengoja kitu. Mwisho akaugusisha mkono wa Bi Kheiria kwenye paji lake, akaenda zake.

Akaja tena, na mambo yakawa yale yale: kikombe chini, kimejaa, na kimya.

"Umeona?" Suud alimwambia dada yake, akiimwaga ile kahawa uani. "Anakhofu tutamtilia sumu. Mtu hawi na khofu hiyo ila ana jambo alilotufanyia."

Hamdiya alikasirika, ila hakumtetea daktari, kwa sababu yeye pia kile kikombe kilimuuma. Kesho yake, kisimani, akamhadithia Masouda, jirani yao mzaliwa wa Sib. Masouda alicheka sana, kisha akakatiza kicheko.

"Na nyinyi mnajiita watu wa Omani," alisema. "Mgeni akiiweka kahawa asiinywe, ana haja. Hainywi mpaka mwenye nyumba amuulize haja yake. Nyinyi hamkumuuliza?"

Hamdiya aliiacha ndoo pale pale. Alirudi akamshika mama yake mkono, wakatoka bila ya kumuaga Suud, na mwendo wote mpaka Matrah alikuwa akiomba wamkute. Walimkuta chumbani, makabati matupu, masanduku yamefungwa kamba.

"Daktari," alisema, "umekuja kwetu una haja. Tuwie radhi hatukuuliza. Haja yako nini?"

"Jicho la kushoto," alijibu. "Liwali ameniamuru niondoke kwa ndege ya Alkhamisi. Nilitaka kulifanya kabla. Kaka yako amenikataza kulitaja, nikasema labda kahawa itanisemea."

Alifungua sanduku, akatoa vyombo vyake na kuvichemsha. Suud alipofika, akihema kwa hasira, mama yake ameshapasuliwa na kulazwa, macho yamefungwa kitambaa cheupe, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa asikitikise. Akaketi miguuni pa mama.

Daktari alimwelekeza taratibu: mama atakaa hivi wiki nzima, alishwe amelala; kisha kitambaa kitafunguliwa kwa mikono iliyooshwa, na atavalishwa miwani hii minene, bila yake hataona vizuri.

"Utafungua wewe," alisema. "Mimi sitakuwapo. Hata kwetu, aliyenitaja kwa wakubwa alikuwa mtu niliyekwisha kula naye." Kisha akainama, akaugusisha mkono wa mgonjwa kwenye paji lake, na kumwambia alale.

Alkhamisi, mle mle chumbani mwa daktari, waliisikia ndege ikipaa kutoka Bait al-Falaj. Suud alikuwa akimlisha mama yake uji, na Hamdiya akimhadithia kaka yake maneno ya Masouda juu ya kahawa.

Siku ya kufungua, Suud aliosha mikono mara nyingi kuliko alivyoambiwa. Akafungua kitambaa, akamvalisha miwani. Bi Kheiria alipepesa jicho, likatokwa na machozi, akatazama dari, akamtazama Hamdiya, akacheka kama mtoto.

"Suud, mbona umekonda?" alisema. Akanyoosha mkono. "Daktari ameshaondoka kweli? Nilitaka kumpa mkono wangu."

"Ameondoka, mama," alisema Suud.

"Ameondoka, au ameondoshwa?"

Hamdiya alimimina kahawa akawapa wote. Suud alikipokea kikombe chake, akakitazama, akakiweka chini kimejaa.

Bi Kheiria alikitazama kile kikombe, kisha uso wa mwanawe, ambaye mwaka mzima alikuwa akimsikia tu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Haja yako nini?"

Suud akamwambia yote, akaomba radhi. Bi Kheiria alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akaivua miwani, akaiweka mapajani.