Digory Alivyokwama Kwenye Jiwe la Tundu

Mimi si mtu wa kununa. Uliza yeyote hapa kijijini kwetu, Cornwall nzima ukitaka, utaambiwa Loveday Nancarrow akikasirika asubuhi, jioni kasahau. Ila kaka yangu Digory nilimnunia miaka minne, na haki ya Mungu ningekuwa nimenuna mpaka leo kama si lile jiwe.

Kosa lake? Alitia karoti kwenye pasti.

Usicheke. Pasti ni nyama ya ng'ombe, viazi, kitunguu na tanipu, ule mzizi mnene kama figili. Unafunga ndani ya unga uliokandwa, unasokota ukingo, unaoka, basi. Wanaotia karoti ni watu wa ng'ambo ya mto Tamar, mpaka wetu na Uingereza, yaani Waingereza, na hao tumewasamehe kwa sababu hawakufunzwa. Lakini Digory kazaliwa nyumba hii hii! Na angetia siku nyingine ningemfokea yakaisha. Alitia siku tuliyomzika mama. Mama yetu, aliyechukua zawadi ya kwanza ya pasti kwenye maonyesho ya kijiji miaka kumi na tisa mfululizo. Mama aliyemfukuza mchumba wangu mezani, na sahani yake mkononi, kwa sababu tu kijana wa watu aliuliza kama humo ndani hamna karoti kidogo.

Basi fikiria. Watu sitini wamejaa ukumbi wa kanisa, wana vikombe vya chai, wanauma pasti. Mchungaji akatoa kitu mdomoni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kipande cha karoti, kikubwa kama jino la ng'ombe.

"Nani kapika hizi?" nikauliza.

"Mimi," akasema Digory, uso mkavu.

Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba tangu saa ile mimi na yeye tumemalizana, sina neno naye tena mpaka nife. Nilikuwa nimefiwa, na maneno yalinitoka.

Tatizo ni kwamba tunakaa nyumba moja. Yeye mjane, mimi sikuolewa, mama katuachia ng'ombe kumi na mmoja na jiko moja. Ikabidi tumtumie mbwa.

"Jago," nasema, "mwambie mtu fulani chai inapoa."

"Jago," anasema yeye kutoka bandani, "mwambie bibi huyo nina mikono miwili tu."

Jago anageuza shingo huku, anageuza shingo kule. Mara ya kwanza nilidhani itakuwa wiki moja, tena wiki ni nyingi. Ikapita Krismasi. Nikawa namshonea suruali, namwekea chakula, namfulia soksi, na neno moja simpi. Siku nyingine nikiwa peke yangu nilifanya majaribio mbele ya kioo. "Digory," nasema. Sauti inatoka vizuri kabisa. Akiingia tu, ulimi nao unakuwa mzito.

Majira ya kuchipua mwaka huu akainua ndama, mgongo ukamkatika. Akawa anatembea kapinda, anatazama viatu vyake. Binti yake Eseld akapiga simu kutoka Bristol: baba hawezi tena kazi ya shamba, Jumamosi nakuja kumchukua, nina chumba. Bristol! Ng'ambo ya mto! Mtu akishavuka ule mto na sanduku, harudi ila kwa mazishi.

Nilimngojea akatae. Hakukataa. Alisema, "Jago, mwambie bibi huyo Jumamosi nitampunguzia kazi." Nami, kichwa ngumu nilivyo, nikajibu, "Jago, mwambie asisahau koti lake la mvua." Nikapanda chumbani nikauma mto wa kulalia.

Alhamisi sanduku lilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa jikoni natengeneza pasti zake za mwisho, na hapa niseme ukweli ulioniuma miaka yote: pasti zangu si kama za mama. Nyama ile ile, tanipu ile ile, sufuria yake, mkono wangu. Utamu ule hauji, na sijawahi kujua kwa nini.

Mara Jago huyo, mbio, peke yake. Mdomoni kashika kofia ya Digory.

Kaka yangu haivui kofia ile hata akinyolewa. Nikatoka na aproni yangu na ndara za ndani, nikamfuata mbwa mlimani kwenye ukungu, nikijisemea kafa, kafa huyu, na neno langu la mwisho kwake ni koti la mvua.

Juu ya mlima wetu kuna mawe matatu ya watu wa kale. Mawili yamesimama, na la katikati ni duara lenye tundu. Tangu zamani mwenye mgongo mbovu anapita tunduni mara tisa, kinyume cha jua, na anapona. Ila kuna sharti. Kuanzia mara ya kwanza mpaka ya tisa husemi neno hata moja. Ukisema, dawa imevunjika, anza upya. Bibi yetu alipita akapona. Sisi watoto tulikuwa tunapita kwa mchezo, tena bila kugusa kingo. Tulikuwa wembamba siku hizo.

Nilipofika nikaona foleni.

Watu watano, wageni wa Kiingereza, makoti ya mvua, mabegi, wamepanga mstari ulionyooka vizuri. Na mbele ya mstari, katikati ya jiwe, makalio ya mtu. Nikayatambua mara moja kwa kiraka. Kiraka hicho nilikishona mwenyewe.

"Samahani, mama," akaniambia bwana wa koti la manjano aliyekuwa wa kwanza. "Mwisho wa foleni ni kule."

"Mnangoja nini?"

"Zamu yetu. Bwana huyu bado hajamaliza."

"Mmengoja tangu saa ngapi?"

Akatazama saa yake. "Dakika arobaini hivi. Hatukutaka kumharakisha. Tulidhani anasali."

Jamani, watu hawa! Mtu kakwama tumbo, miguu inapiga hewa, wao wamepanga mstari! "Huyo kakwama!" nikapiga kelele. "Ni kaka yangu!"

"Oo," akasema mama mmoja mwenye kofia ya sufu, na foleni nzima ikasogea hatua moja mbele.

Nikazunguka upande wa pili, kwenye kichwa. Digory yule pale, mzima, mwekundu kama nyanya, upara nje, pua inatiririka kwa baridi. Aliponiona akafumbua macho makubwa. Akafumba mdomo kwa nguvu. Akainua mikono akanionyesha vidole vinane.

Nane. Kumbe amepita mara saba, hii ya nane tumbo limegoma, ikiisha hii bado moja tu. Ndiyo maana hakuita msaada. Dakika arobaini kaning'inia kama nguo kwenye kamba, watu watano nyuma yake, na hakufungua kinywa asije akavunja dawa.

Nikageukia mbwa kwa mazoea. "Jago, mwulize mjinga huyu anatafuta nini humu na umri wake."

Digory akanionyesha mgongo wake kwa kidole. Halafu akanyoosha kidole kule chini, kwenye nyumba yetu, moshi unatoka bombani. Halafu akakitikisa kidole hicho, hapana, kuelekea mashariki, kuelekea mtoni.

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaelewa, nikakaa kwenye majani yenye maji. Hakutaka kwenda. Kapita jiweni mara saba na tumbo lile, na mgongo ule, ili abaki. Na mimi nikampangia soksi sandukuni.

"Mama," akaita bwana wa manjano kutoka upande wa makalio, "je, tumsukume?"

"Msimguse kwanza!"

Nikamtazama Jago. Jago akanitazama, akalala chini, akaweka pua juu ya makucha. Alikuwa amechoka kututumikia, maskini. Nikapiga moyo konde.

"Kaka," nikasema.

Miaka minne. Neno lenyewe dogo hivyo. Digory akaanza kulia, kimya kimya, mdomo kaubana.

"Kaka Digory, usiende. Mgongo upone usipone, usiende. Ng'ombe nitakamua mimi, wewe utakaa jikoni uwe unanikosoa. Na ile karoti nimekusamehe. Umenisikia? Uliniaibisha mbele ya mchungaji, umemwaibisha mama kaburini, ila nimekusamehe. Tusiizungumze tena."

Hapo nilidhani atafurahi. Wapi! Uso ukambadilika. Akatikisa kichwa. Akainua vidole vinane, akavitazama, akavishusha. Nikaona kabisa mtu anapima jambo moyoni mwake.

"Usiseme!" nikamwambia. "Bado moja tu! Ukisema unaanza upya!"

Akasema.

"Lovi, ile karoti alitia mama."

"Nini?"

"Zile pasti hazikuwa zangu. Alipika mwenyewe wiki yake ya mwisho, akaweka kwenye friza, akaniambia ndizo mtakazokula siku nikifa. Mimi nilipasha moto tu."

"Mwongo wewe! Mama na karoti?"

"Siku zote alitia. Nilimfumania nikiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa anaikwaruza nyembamba kabisa, inayeyuka, hakuna anayejua. Zawadi zote kumi na tisa, Lovi, zilikuwa za karoti. Aliniapisha kwa Biblia." Akavuta kamasi. "Mwisho ule mikono ilikuwa inamtetemeka, hakuweza kukwaruza. Akakatakata."

Nikaiona ile mikono. Nilimlisha uji kwa kijiko mwezi mzima, nilikuwa naifunika kwa blanketi ili isimtie aibu. Na kumbe ilikuwa inashuka jikoni na kisu nikilala.

"Kwa hiyo ulisema umepika wewe."

"Ningesemaje? Watu sitini, kaburi halijakauka. Waseme Bi Nancarrow alikuwa tapeli?"

"Ungeniambia mimi nyumbani!"

"Ulikuwa unaongea na mbwa."

"Basi ungemwambia mbwa!"

"Jago hawezi kutunza siri," akasema kaka yangu, kaning'inia pale jiweni, na nikaanza kucheka. Nilicheka nikashika jiwe. Nilicheka mpaka nikawa nalia, nikawa nafanya yote mawili, na Digory naye akacheka, ndiyo ikawa balaa, maana kila akicheka tumbo linajaa na jiwe linambana. "Usinichekeshe!" anapiga yowe. "Lovi, nakufa! Usinichekeshe!"

Ikabidi tumtoe. Mama wa kofia ya sufu akaleta kikapu chake. Alikuwa na skonzi, jamu, na kopo zima la malai mazito ya kwetu, ile krimu ya maziwa.

"Kwanza nipake malai au jamu?" akauliza kwa adabu.

"Jamu kwanza!" akafoka Digory kutoka tunduni, kabla hajafikiri. Kwetu skonzi hupakwa jamu kwanza, na mtu hawezi kuvumilia kusikia swali hilo likiachwa hivi hivi hata akiwa ndani ya jiwe.

"Malai tu," nikasema. "Tumboni, pande zote."

Tukampaka. Bwana wa manjano na wenzake wakashika miguu, kwa zamu, kwa mstari. Mimi nikaingiza mikono chini ya makwapa yake, nikasema moja, mbili, nikavuta. Alitoka kwa kishindo akanilalia, wote tunanuka maziwa, na Jago akawa analamba popote anapofikia.

Mgongo haukupona. Sitakudanganya. Alisimama kapinda vile vile, na kwa kuwa alisema, hata zile saba hazihesabiki. Bwana wa manjano akauliza kwa upole kama sasa ni zamu yake. Tukamwachia jiwe.

Jumamosi Eseld akafika, akakuta mlango umefungwa na mapazia yameshushwa mchana kweupe. Akagonga sana. Tulikuwa jikoni, baba yake kwenye kiti cha mama na karoti mkononi anakwaruza, nyembamba kabisa, mimi nachungulia dirishani jirani asije akatuona.

"Baba yuko tayari?" akauliza nilipomfungulia.

"Baba yako haendi popote," nikasema. "Sanduku nimeshalitoa vitu. Ingia upesi, funga mlango."

Pasti zikatoka ovenini saa saba. Nikaikata moja, mvuke ukanipiga usoni, na nikajua kabla sijaonja. Nikauma mara moja nikaiweka kwenye sahani, nikalia mpaka Eseld akaogopa. Ndiyo yenyewe. Ile ya mama, ile ile.

"Lovi," akasema kaka yangu, bila kumpitia mbwa, "futa pua, ule ikiwa moto."