Sauti Isiyo na Mawimbi

Kila asubuhi, kabla watu hawajamaliza kupiga mswaki, sauti ya Chombeza ilikuwa imeshaingia kwenye simu za wageni wote waliojiunga na kundi la ufuo ule.

"Amkeni jamani! Mawimbi ya kiunoni, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Upepo unatoka nchi kavu. Anayejifunza aje maji yakianza kujaa, aingilie pale kwenye nguzo nyeupe, akae mbali na mwamba maana kuna mkondo unaorudisha watu baharini. Ukikubeba usishindane nao. Ogelea kwenda pembeni, nyoosha mkono, tutakuja."

Hakuna aliyejua kuisifia bahari kama yeye, ndiyo maana wakampa jina hilo. Alikuwa mume wa mdogo wake Kocha, na Kocha, dada mkubwa, ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hiyo. Kocha mwenyewe alikuwa na kibanda ufuoni, anakodisha mbao za kutelezea mawimbi na kufundisha wageni kusimama juu yake. Maneno hayakuwa fani yake. Akishika simu kurekodi, anasikika kama anayesoma hukumu.

Mambo yalianza kwenda kombo taratibu. Siku moja Chombeza alisema mawimbi ni ya kiunoni, wageni wakafika wakakuta bahari imelala kama uji kwenye sahani. Wakasimama na mbao kwapani kama watu walioachwa na basi. Kocha akajisemea bahari imebadili mawazo. Siku nyingine taarifa ikasema hakuna kitu, bora watu walale, kumbe mawimbi yalikuwa matamu ajabu na ufuo mtupu.

"Shem, wewe unatazama bahari ipi?" Kocha alimuuliza alipompigia.

"Bahari haijaweka mkataba na mtu, shem," Chombeza akacheka. "Nimeiacha hivi, imegeuka vile."

Kicheko kilikuwa kirefu kuliko utani wenyewe. Halafu Kocha akaanza kukumbuka. Zamani shemeji yake alikuwa hakosi kusimama juu ya mwamba na kikombe cha chai, akitazama mawimbi yanavyovunjika kabla hajafungua mdomo. Sasa ilikuwa inapita wiki hajaonekana. Leo mgongo, kesho jino, keshokutwa mtoto ana homa, na huyo mtoto mwenye homa Kocha alimwona mwenyewe akiruka kamba barabarani.

Kilichomchezesha machale hasa kilitokea kwenye kituo cha mafuta. Alimkuta Chombeza ameinamiana na jamaa wa upande wa pili wa mwamba, yule mwenye shule nyingine ya kuteleza, mtu ambaye kila msimu alikuwa akijaribu kumnyang'anya Kocha wateja. Jamaa alikuwa anachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti ya gari, Chombeza anaitikia kwa kichwa kama anayekariri. Walipomwona Kocha, kidole kikasimama. Jamaa akafuta boneti kwa mkono wa shati.

"Shem! Za tangu juzi?" Chombeza akasema.

"Salama," Kocha akajibu, akapita.

Jioni hiyo alikwenda kwa mdogo wake, ambaye alikuwa fundi cherehani na alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao. Alimkuta anapinda mapazia ya mteja.

"Mumeo ana urafiki gani na yule bwana?"

"Bwana gani?"

"Usinizungushe. Yule wa ng'ambo ya mwamba. Wageni wangu wanadanganywa kila siku, wanachoka, wanahamia kwake. Mimi si mtoto."

Mdogo wake hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno. "Dada, na wewe sasa unaona wezi hadi kwenye sufuria. Mtu akiongea na mwenzake ni kosa?"

"Si kosa. Ila waliponiona walinyamaza."

"Labda maneno yaliwaishia."

Kocha aliondoka bila kumaliza chai. Njia nzima alikuwa anajiuliza mume na mke wanamla kisogo tangu lini.

Ikapita dhoruba ya siku kadhaa. Ilipotulia, Kocha alikwenda mjini kuchukua mbao zilizokuwa kwa fundi, akalala huko. Aliporudi asubuhi, gari la mizigo likamshusha juu ya ufuo, na kabla hajagusa hata ubao mmoja aliona bahari imebadilika. Fungu la mchanga lililokuwa mbele ya nguzo nyeupe lilikuwa limehama. Mahali pake palikuwa na ukanda wa maji meusi, laini, usio na povu hata kidogo. Mgeni angepaona ndipo penye usalama. Kumbe mkondo ulikuwa umehamia palepale.

Na ndani yake kulikuwa na mtu.

Mwanamke mmoja alikuwa anakimbia mchangani akipiga kelele. Kocha alimfahamu, mke wa daktari wa meno, wageni wake wa tangu mwezi uliopita. Daktari alikuwa mbali, amekumbatia ubao kwa mkono mmoja na kupiga maji kwa mwingine kuelekea ufuoni, akirudi nyuma kila anapojitahidi.

Kocha alichomoa ubao mrefu kuliko zote, akaufunga kamba mguuni, akaingia kwenye ukanda uleule mweusi. Mkondo ukamchukua mbio. Alipomfikia daktari, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Acha kupigana! Nishike mimi!"

"Siwezi."

"Unaweza. Lala juu ya ubao. Tunakwenda pembeni, hatwendi mbele. Pembeni!"

Walipiga makasia ya mikono hadi wakafika kwenye maji yenye povu, wimbi likawanyanyua na kuwatupa mchangani kama mzigo. Daktari alitapika maji ya chumvi. Mkewe hakumshukuru Kocha. Alimwekea simu usoni.

"Sikiliza! Sikilizeni wenyewe mlichotuambia!"

Sauti ya Chombeza ikasema kwa furaha bahari imetulia baada ya dhoruba, waingilie pale kwenye nguzo nyeupe.

Kocha alimwinua daktari kwa kwapa. Aliwapeleka zahanati, akarudi kibandani na nguo zikiwa zimelowa, akakaa juu ya kreti na kuisikiliza taarifa ile tena, simu ikiwa imebanwa sikioni. Alikuwa anatafuta neno la kumshitaki nalo. Badala yake akasikia kilichokuwa nyuma ya maneno. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na wimbi. Kulikuwa na cherehani, inakimbia, inasimama, inakimbia tena.

Akafungua taarifa ya juzi. Cherehani. Ya wiki iliyopita, cherehani.

Alipofika kwa mdogo wake hakubisha hodi. Mdogo wake alisimama ghafla, kitambaa kikaanguka. Chombeza alikuwa kwenye kochi. Dirisha la upande wa bahari lilikuwa limefunikwa pazia nene, mchana kweupe.

"Daktari wa meno nusura afe leo," Kocha alisema. "Amekulipa nini yule bwana?"

"Nani?" Chombeza akaduwaa.

"Sitaki maigizo, shem!"

"Hajanipa kitu. Nilikuwa namuuliza bahari ikoje." Sauti yake haikuwa ile ya kwenye simu. "Upande wake si upande wetu, najua. Nilikuwa naongezea mwenyewe."

"Kwa nini usiende kutazama?"

Chombeza alifinya vidole. Kisha akasema, "Mkondo ulinibeba mwanzoni mwa msimu huu, nikiwa peke yangu. Nilizama, shem. Nilishakubali kwamba basi. Sijui nani alinitoa, nilijikuta mchangani. Tangu siku hiyo nikiyaona yale maji, kifua kinafunga. Mimi! Watu wananiita Chombeza. Nitawaambia nini?"

Kocha alihisi hasira ikimponyoka kama mchanga, na hakupenda. Alikuwa amejiandaa kumkuta msaliti. Akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe ulikuwa hapa. Kila asubuhi, unashona, unamsikia akisema uongo."

"Ni mume wangu, dada. Aliniomba."

"Mimi ni nani wako?"

Mdogo wake alianza kulia. Kocha hakumbembeleza.

Kesho yake alirekodi mwenyewe, amesimama juu ya mwamba, upepo ukimkata maneno. "Mkondo umehamia kwenye nguzo nyeupe. Msiingilie hapo. Wanaojifunza, leo hakuna." Hakusifia kitu. Chombeza alikwenda kumwomba daktari radhi uso kwa uso, kisha akajitoa kwenye kazi ile, akabaki akitengeneza mbao zilizovunjika nyuma ya nyumba.

Mdogo wake alikuja kibandani baada ya siku kadhaa, akasimama mlangoni na chupa ya chai. Kocha alimsogezea kreti. Walikunywa.

"Kuna jingine mnanificha?" Kocha aliuliza mwishowe.

"Hakuna, dada."

Kocha alimtazama, akaendelea kumtazama hata baada ya jibu, mpaka mwenzake akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa.