Mtungi wa Ndunge

Mwezi wa pili mwaka wa 1997, kiangazi kilipokuwa kimewatoa ng'ombe mbavu na Muthama amekwisha funga sanduku aende Mombasa kutafuta kazi, mkewe Ndunge alipanda kilima cha maombi mbele ya Isinya. Akaacha kileleni mtungi mtupu wa plastiki wa manjano, wenye jina lake kwa rangi nyekundu. Akaweka nadhiri: mvua ikinyesha, atapanda tena kabla ya Krismasi, ashukuru na kuushusha.

Mwezi wa nne mvua ikaja, Muthama akafungua sanduku, wakapanda mahindi pale kwao Kitengela. Ndunge akasema atakwenda kilimani akishavuna. Aliyoyavuna hata hayajakauka, mvua ya El Nino hiyo! Ikaangusha vyoo, ikasomba madaraja, na ule udongo mweusi ukawa unavua watu viatu bila ruhusa.

"Mlizidisha maombi," Muthama alimtania kila asubuhi. "Mngetaja kiasi."

Muthama kanisani alikuwa mgeni, na mdomo wake haukujua kupumzika hata matangani. Lakini wiki ya Krismasi alimkuta Ndunge ameketi kitandani akilia, kwa kuwa siku zinakwisha na nadhiri haijatimizwa. Utani ukamkauka. Akavaa gambuti zake za mpira.

"Twende, Mama Masila," akamwambia mkewe. " Usije ukasema nilikuzuia."

Lori la mawe liliwashusha kwenye lami. Kilomita tatu zilizobaki ziliwala saa tatu. Mara mbili Ndunge alikwama matopeni, mara mbili Muthama akamng'oa kama muhogo.

Chini ya kilima walimkuta Metito, mfugaji wa pale.

"Sopa," akawasalimu. "Mnaenda wapi? Hiyo njia imekuwa mto. Juzi mawe iliporomoka ikaua mbuzi yangu mbili. Leo hakuna mtu anapanda."

Ndunge alitazama juu, maji mekundu yakiteremka palepale alipopita mwezi wa pili kwa miguu yake. Akajifuta macho kwa leso.

"Niliacha mtungi yangu huko juu."

"Ya manjano? Iko na maandishi nyekundu?"

Metito akaingia bomani kwake, akarudi nao. Maji yalikuwa yameuteremsha wiki iliyopita, ukakwama mtini. Mke wake aliuosha akauweka nje ukinge mvua, na sasa ulikuwa umejaa pomoni.

Muthama akacheka. "Umeshindwa kwenda, kilima kimekuletea!"

Ndunge alipiga magoti matopeni.

"Asante Baba," akaomba kwa sauti. "Hawa wote wanafikiri niliomba mahindi. Wewe unajua. Nilikuambia hii jua ikiendelea, mzee wangu ataenda Mombasa, na mimi siwezi hiyo nyumba bila yeye. Niliomba abaki. Umemweka. Amina."

Muthama alilikumbuka lile sanduku. Kila asubuhi alikuwa akiicheka mvua hii.

Akapiga magoti kando yake, gambuti na yote. Maombi hakuyajua, kwa hiyo alisema tu "Amina", halafu akairudia. Kisha akaubeba mtungi hadi lami, mvua ikiwanyeshea wote wawili, na hakukubali umwagike hata tone.